Kuosha Gari kwa Nusu Ndoo ya Maji

Maji ni kiyeyushi kinachotumiwa na binadamu kuliko kingine chochote, na pengine kwa sababu hiyo hiyo ndicho kinachopotezwa kuliko vyote. Katika maabara ya kemia mwanafunzi hufundishwa kupima kiyeyushi kwa mililita, na mwalimu humkemea akimwaga ovyo. Mwanafunzi huyo huyo, akipewa siku ya Jumamosi kazi ya kuosha gari la nyumbani, hufungua bomba, huvuta mpira, na kuyaacha maji yatiririke mpaka kazi iishe. Kiasi kilichotumika hakijulikani, kwa kuwa hakuna aliyekipima.

Kukipima si kazi ngumu. Chukua mpira unaojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 80. Mpira huo hutoa lita 15 kwa dakika, na ukiachwa wazi kwa dakika 15 tu, lita 225 zitakuwa zimekwisha kupita, yaani ndoo 11 na ziada. Ili kuelewa uzito wa idadi hiyo, yafaa kukumbuka yaliyoupata mji wa Cape Town, Afrika Kusini. Baada ya ukame wa miaka kadhaa mfululizo, kuanzia tarehe 1 Februari 2018, kila mkazi alitakiwa kutumia lita zisizozidi 50 kwa siku kwa mahitaji yake yote. Kuosha magari kwa maji ya kunywa ya mji kulikatazwa kabisa. Aidha, mji ulitayarisha mpango kwamba iwapo mabwawa yangekauka zaidi, mabomba ya nyumbani yangefungwa na kila mtu angepanga foleni kupokea lita 25 kwa siku. Mvua za katikati ya mwaka huo ziliuepusha mji na hatua hiyo. Lita 225 za mpira wetu ni mgawo wa siku moja wa watu 9 katika mpango huo.

Mfano wa karibu zaidi upo Dar es Salaam, mji ambao maji yake kwa sehemu kubwa hutoka katika Mto Ruvu. Mwezi Oktoba 2022, kina cha mto huo kiliposhuka kwa kukosekana kwa mvua, wakazi walitangaziwa mgawo wa maji. Katika hali kama hiyo swali la namna ya kuosha gari huacha kuwa jambo la anasa. Je, inawezekana gari dogo lililochafuka kwa vumbi la kawaida likaoshwa vizuri kwa lita 10, yaani nusu ndoo? Jibu ni kwamba inawezekana, na sababu zake zimo katika masomo ya fizikia na kemia yanayofundishwa katika shule za sekondari.

Uchafu wa gari ni nini?

Uchafu unaoonekana juu ya gari ni mchanganyiko wa vitu vya aina nyingi. Sehemu kubwa ni vumbi la udongo, ambalo ndani yake mna chembe za mchanga, yaani kwazi. Katika kipimo cha ugumu wa madini kilichoasisiwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, kwazi ina daraja la 7, ilhali kioo cha dirisha kina daraja lipatalo 5.5 na ukucha wa binadamu 2.5. Kitu kigumu hukikwaruza kilicho laini kuliko chenyewe. Kwa hiyo chembe moja ya mchanga ikiburutwa juu ya rangi ya gari, ambayo ni laini kuliko kioo, ni lazima iache mchoro.

Aina ya pili ni mafuta na masizi yatokayo katika moshi wa magari na katika lami. Hivi haviyeyuki katika maji. Aina ya tatu ni chumvi, hasa katika miji ya pwani, ambako upepo wa bahari huleta matone madogo sana ambayo hukauka na kuacha chembe za chumvi. Chumvi huyeyuka kwa urahisi, lakini ikiachwa hunyonya unyevu wa hewa na kuharakisha kutu, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matupu, na kutu ni matokeo ya kemia ya umeme. Aina ya nne ni vitu vya viumbe: utomvu wa miti, wadudu waliogongwa njiani, na mavi ya ndege, ambayo yana asidi ya yuriki na huweza kuila rangi yakikaa siku nyingi juani.

Rangi yenyewe ni ngozi nyembamba sana. Tabaka zote kwa pamoja, kuanzia ile ya chini inayogusa bati hadi ile ya juu ing'aayo, kwa kawaida huwa na unene wa karibu milimita 0.1, na tabaka la juu kabisa ni jembamba kuliko unywele. Hilo ndilo linalotakiwa kulindwa. Kwa hiyo mwoshaji ana kazi mbili zinazovutana: kuuondoa uchafu, na kuuondoa bila kuusugulisha juu ya rangi.

Maji hufanya kazi gani?

Watu wengi hudhani kwamba maji huosha kwa wingi wake. Kwa hakika maji hufanya kazi tatu zilizo tofauti. Kwanza, huyeyusha vinavyoyeyuka, kama vile chumvi. Pili, huvilainisha na kuvitenganisha visivyoyeyuka, na kuwa kama mafuta ya kulainisha kati ya chembe ya mchanga na rangi, hata chembe iteleze badala ya kukwaruza. Tatu, huuchukua uchafu uliokwisha kuachana na gari na kuupeleka kwingine. Kazi mbili za kwanza huhitaji maji machache mno. Ni ile ya tatu tu ambayo kwa desturi huhitaji maji mengi, na hiyo inaweza kufanywa na kitambaa.

Hata hivyo, maji matupu yana kasoro moja. Molekuli zake huvutana kwa nguvu, na katika uso wa maji mvutano huo hufanya kana kwamba maji yamefunikwa kwa utando uliotandazwa. Kwa sababu hiyo tone la maji juu ya boneti yenye vumbi na mafuta hujikusanya na kuwa duara badala ya kuenea. Mvutano wa uso wa maji safi, katika nyuzi 25 za Selsiasi, ni milinyutoni 72 kwa kila mita. Tone la sabuni huweza kuushusha hadi karibu nusu ya kiwango hicho au chini yake, na hapo maji huenea na kupenya chini ya uchafu.

Molekuli ya sabuni ina ncha mbili zenye tabia zinazopingana. Kichwa chake hupenda maji. Mkia wake mrefu huyakimbia maji na kupenda mafuta. Inapokutana na tone la mafuta, mikia mingi hujichomeka ndani ya tone na vichwa hubaki nje vikielekea maji. Tone lililozingirwa hivyo huelea ndani ya maji wala halirudi tena kunata juu ya bati. Ikumbukwe kwamba sabuni ya mche, inayotengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, haipatani na maji magumu. Chumvi za kalisi na magnesi zilizomo katika maji ya visima vingi, hasa vilivyochimbwa katika miamba ya chokaa, huungana na sabuni na kufanya utando mweupe usioyeyuka. Sabuni za maji za viwandani, kama zile za kuoshea vyombo au za magari, hazina udhaifu huo kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana hufaa zaidi kwa kazi hii.

Mambo manne yanayoweza kubadilishana

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner alieleza kanuni ambayo hata leo hutumiwa na wataalamu wa usafi. Alisema kwamba kila kazi ya kuosha hutegemea mambo manne: kemikali, msuguano, joto na muda. Mambo hayo huchorwa kama vipande vya duara moja. Kipande kimoja kikipunguzwa, kingine budi kiongezwe ili duara likamilike. Anayefua kwa maji ya baridi hana budi kuloweka kwa muda mrefu zaidi au kusugua kwa nguvu zaidi.

Katika duara hilo maji ni chombo kinachovibeba vipande vyote vinne: huyeyusha kemikali, hupeleka joto, na maji yanayorushwa kwa kasi hutoa msuguano. Anayetaka kupunguza maji lazima ajue ni nini atakachokiongeza. Msuguano hauongezwi, kwa kuwa utaiharibu rangi. Joto laweza kuongezwa kidogo, kwa mfano kwa kuliweka dumu jeusi la maji juani kwa saa kadhaa. Kilicho rahisi na kisicho na gharama ni muda. Tope lililokauka ambalo lingehitaji dakika nzima ya kurushiwa maji ya mpira huachia lenyewe likifunikwa kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika 10. Maji hupenya polepole katikati ya chembe za udongo, udongo huvimba, na mshikamano wake hulegea. Nusu lita iliyopewa nafasi ya kukaa hufanya kazi ya lita nyingi zinazopita mbio.

Maji kiasi gani yanahitajika?

Tuchukue gari dogo lenye urefu wa karibu mita 4. Ukijumlisha paa, boneti, buti, pande mbili, mbele na nyuma pamoja na vioo, utapata eneo lipatalo mita za mraba 15. Je, ni maji kiasi gani yanayotosha kulifunika eneo hilo lote kwa tabaka lenye unene wa milimita 0.1?

Mjao = eneo × unene = 15 × 0.0001 = mita za ujazo 0.0015

Hiyo ni lita 1 na nusu. Tabaka hilo lina unene unaolingana na rangi yote ya gari, nalo ni nene kuliko chembe nyingi za vumbi. Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Chembe ya vumbi yenye upana wa sehemu chache za mia za milimita huzama kabisa katika tabaka kama hilo. Maji yanayozidi hapo, yakirushwa mara moja, hayakai juu ya gari. Hutelemka chini, nayo hupita zaidi katika njia zile zile yalizokwisha kujifanyia.

Ugumu basi upo katika kuyaeneza maji sawasawa. Mpira hauwezi. Chupa ya kupulizia, au bomba dogo la mkono la kunyunyizia maua, huweza, kwa kuwa huyagawa maji katika matone madogo yanayotua kila mahali. Bomba hilo liwe jipya. Lililowahi kutiwa dawa ya wadudu au ya magugu lisitumiwe kamwe, kwa sababu ukungu wake huvutwa puani na hutua mikononi.

Hesabu ya kusuuza

Sehemu inayowashangaza wanafunzi kuliko zote ni kusuuza. Tuseme kwamba baada ya gari kusuguliwa kwa maji ya sabuni, limebaki na nusu lita ya maji machafu yaliyoganda juu yake kama utando. Ukolezi wa uchafu katika utando huo tuuite 1.

Mtu wa kwanza anamwagia gari lita 10 mara moja. Tukichukulia kwamba maji yote yamechanganyika vizuri, nusu lita ya awali sasa imo ndani ya lita 10 na nusu. Ukolezi umeshuka hadi 0.5 ÷ 10.5, yaani sehemu 1 ya 21. Maji yanapotelemka, nusu lita yenye ukolezi huo hubaki juu ya gari.

Mtu wa pili ana lita 3 tu. Anazigawa mafungu matatu ya lita moja moja. Katika kila raundi analilowesha gari lote kwa lita moja, kisha anayaondoa maji kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi ibaki nusu lita. Baada ya raundi ya kwanza ukolezi ni 0.5 ÷ 1.5, yaani sehemu 1 ya 3. Baada ya raundi ya pili ni sehemu 1 ya 9. Baada ya raundi ya tatu ni sehemu 1 ya 27.

Lita 3 zilizogawanywa zimeshinda lita 10 zilizomwagwa kwa mara moja. Hesabu hii imerahisishwa, kwani maji ya mpira huja mfululizo wala hayachanganyiki yote kwa pamoja, lakini kanuni yake haibadiliki: mafungu mengi madogo husafisha kuliko fungu moja kubwa. Ndiyo kanuni inayomfanya mkemia asuuze bureti mara tatu kwa maji kidogo kidogo, na ndiyo hekima ya mama anayesuuza nguo katika mabeseni mawili au matatu na kuikamua kila nguo kabla ya kuipeleka katika beseni lifuatalo. Ule ukamuaji ndio unaopunguza maji machafu yanayosafiri pamoja na nguo. Bila ya kukamua, faida yote ya beseni la pili hupungua.

Utaratibu wa kazi

Vifaa vinavyohitajika ni ndoo mbili ndogo, chupa ya kupulizia, sabuni ya maji kijiko kimoja, na vitambaa laini visivyopungua sita. Vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi nyembamba sana za poliesta na nailoni ni bora kuliko vyote, kwa kuwa nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi hizo huyanyonya maji na kuzificha chembe za mchanga ndani, mbali na rangi. Visipopatikana, fulana kuukuu za pamba zilizofuliwa na kuondolewa vifungo na zipu zatosha. Kitambaa kikikunjwa mara mbili hupata nyuso 8, na kila uso hutumiwa mara moja tu kabla ya kukunjua mwingine.

Lita 10 hugawanywa hivi: lita 2 za kulowesha, lita 3 za maji ya sabuni, lita 2 za kusuuzia vitambaa, na lita 3 za kusuuzia gari.

Kazi hufanywa asubuhi au kivulini, baada ya bati kupoa. Juu ya bati la moto maji hukauka kabla hayajafanya kazi, na sabuni huganda. Anza kwa kupulizia maji ya kulowesha sehemu zote, na kuweka vitambaa vilivyolowa juu ya tope zito, mavi ya ndege na wadudu. Subiri dakika 10.

Kisha osha kuanzia juu kwenda chini: paa, vioo, boneti, buti, milango, na mwisho sehemu za chini karibu na magurudumu, ambako ndiko kwenye mchanga mwingi. Kitambaa hupitishwa kwa mstari ulionyooka, kwa uzito wake chenyewe bila kukandamizwa, na kila baada ya mapito machache hugeuzwa uso. Nyuso zote zikishachafuka, kitambaa husuuzwa katika ndoo ya pili, hukamuliwa, ndipo kirudi katika ndoo ya sabuni. Kwa kuzitenganisha ndoo mbili, mchanga uliotolewa juu ya gari hubaki katika ndoo moja na maji ya sabuni hubaki safi.

Fanya sehemu moja moja: osha paa, lisuuze, likaushe, ndipo uende kwenye boneti. Maji ya kusuuza hupuliziwa na kupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa, mara tatu, kama hesabu ilivyoonyesha. Kukausha kusiachwe. Tone likikauka lenyewe, maji huondoka na chumvi za kalisi hubaki kama doa jeupe. Doa lililokwisha kutokea kwenye kioo laweza kuondolewa kwa siki iliyozimuliwa kwa maji, kwani asidi iliyomo katika siki huiyeyusha kaboneti ya kalisi. Baada ya hapo kioo kipanguswe kwa maji matupu.

Magurudumu huoshwa mwisho, kwa vitambaa vyake pekee na kwa maji yaliyobaki katika ndoo ya sabuni. Hapa dodoki kuukuu lafaa sana. Ndani ya madigadi, tope lililojificha lisipuuzwe hata kama halionekani, kwa kuwa hushika unyevu siku nyingi na kuianzisha kutu mahali pasipotazamwa. Kwa sehemu hizo, na kwa gari lililotoka safari ya masika likiwa limefunikwa kwa tope zima zima, nusu ndoo haitatosha. Yaongezwe maji ya suuza ya nguo au maji ya mvua. Bati la nyumba lenye mita za mraba 50 linaponyeshewa mvua ya milimita 10 hutiririsha hadi lita 500. Na gari lililoachwa nje wakati wa mvua hulowekwa bure. Kilichobaki ni kitambaa.

Mambo ya kuepuka

Kulipangusa gari kavu kwa kitambaa kikavu ni kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa hakuna maji ya kulainisha kati ya mchanga na rangi. Michoro inayoonekana kama utando wa buibui juu ya magari meusi wakati wa jua hutokana zaidi na desturi hiyo. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi na chembe zisizoyeyuka upesi. Huiondoa nta inayoilinda rangi na huacha weupe katika maungio. Majivu na mchanga, ambavyo vyafaa kwa sufuria, havifai kabisa kwa rangi.

Wapo wanaopangusa gari kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae. Mng'ao huo ni wa muda. Utando wa mafuta uliobaki hulikamata vumbi jipya, mafuta huvimbisha na kudhoofisha mipira ya milango, na kitambaa kilichojaa mafuta ya taa ni hatari ya moto ndani ya nyumba.

Maji machafu huenda wapi?

Maji machache yana faida nyingine isiyoonekana katika bili. Kila lita inayotelemka kutoka kwenye gari hubeba mafuta, masizi na sabuni. Lita 225 hutiririka hadi mtaroni, na mitaro ya mvua katika miji mingi humimina moja kwa moja mtoni, ziwani au baharini bila ya kusafishwa. Lita 10, ambazo nyingi zimo ndani ya ndoo, humwagwa mahali pakavu penye udongo, mbali na kisima na bustani ya mboga.

Katika fukwe za Ziwa Viktoria tatizo hili lina sura ya pili. Huko Kisumu, Kenya, kwa miaka mingi vijana wamejipatia riziki kwa kuosha magari wakiwa wamesimama ndani ya maji ya ziwa. Maji ni ya bure na hayana mwisho, lakini ndani yake wamo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho cha utumbo. Viluwiluwi vya vimelea hivyo hutoka katika konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Waosha magari wa Kisumu, wakikaa majini siku baada ya siku, walikuwa wakiambukizwa tena na tena hata baada ya kutibiwa kwa prazikwanteli. Hali yao imewasaidia wanasayansi kuuelewa ugonjwa huo: utafiti uliotolewa mwaka 2002 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kuambukizwa na kutibiwa mara nyingi, walianza kujenga kinga dhidi ya maambukizo mapya. Lakini hiyo ni kinga iliyonunuliwa kwa ugonjwa wa miaka.

Nusu ndoo ya maji inaibadilisha hali hiyo, kwa kuwa maji huja kwenye gari badala ya mtu kwenda majini. Viluwiluwi vya kichocho haviishi muda mrefu bila kumpata mtu. Maji ya ziwa yaliyotulia kwa siku 2 katika pipa safi lisilo na konokono hupoteza hatari hiyo. Mtu anayehitaji lita 10 kwa gari anaweza kuweka akiba katika pipa. Anayehitaji lita 225 hawezi.

Majaribio kwa ajili ya darasa

Walimu wanaweza kuyathibitisha yaliyoelezwa hapo juu kwa vifaa vichache.

Jaribio la kwanza: Mvutano wa uso. Elekeza wembe kwa ulalo juu ya maji yaliyotulia katika bakuli, uuache uelee. Gusa maji kando yake kwa kijiti kilichochovywa katika sabuni ya maji. Wanafunzi waeleze kwa nini wembe unazama.

Jaribio la pili: Kusuuza kwa mafungu. Tia mililita 10 za myeyusho wa pamanganeti ya potasi katika kila moja ya bika mbili. Katika bika A ongeza mililita 90 za maji mara moja na kukoroga. Katika bika B ongeza mililita 30, koroga, mwaga mpaka zibaki 10, kisha ongeza 30 nyingine. Fanya hivyo mpaka mililita 90 ziishe. Jaza neli mbili za majaribio kwa kina kilicho sawa, moja kutoka kila bika, uzilinganishe mbele ya karatasi nyeupe. Wanafunzi wakokotoe ukolezi katika kila neli kabla ya kutazama. Watapata sehemu 1 ya 10 kwa A, na sehemu 1 ya 64 kwa B, ingawa maji yaliyotumika ni yale yale.

Jaribio la tatu: Kupima bomba. Kila mwanafunzi apime nyumbani kwake sekunde zinazohitajika kujaza ndoo ya lita 20, akokotoe lita kwa dakika, kisha aandike ni dakika ngapi bomba huachwa wazi wakati wa kuosha gari, baiskeli, pikipiki au sakafu. Matokeo ya darasa zima yajumlishwe ubaoni, na jumla hiyo igawanywe kwa 25, yaani mgawo wa mtu mmoja uliotayarishwa Cape Town. Jibu litakuwa ni idadi ya watu, na darasa laweza kuilinganisha na idadi ya wanafunzi wote wa shule.